Jina Nililoupachika Mti

Nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha sabuni,
S.L.P. 418.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wawili, na kwamba ile baridi mliyoilalamikia mwaka jana imewaachia nafasi ya kupumua. Kifua chako je? Kile kikohozi kilikwisha kweli, au umekizoea tu kama watu wanavyomzoea mpangaji msumbufu? Usinijibu kwa "sijambo" ya heshima. Nataka kujua.

Sisi hatujambo. Macho yangu yamepungua lakini mkono bado umetulia, na vibao vya maduka naandika kama zamani. Mwezi uliopita nilimwandikia kinyozi wa jirani KINOZI, kwa herufi kubwa kuliko mlango wake, na siku mbili zikapita kabla mtu hajagundua. Mama yangu, mama mkubwa wako, anakula vizuri ila masikio yamekuwa mazito. Kila simu ikilia anauliza kama ni wewe. Hata ikiwa ni mtu wa maji anadai bili, anauliza.

Wifi yako anakusalimu sana. Goti lake la kushoto limekuwa na mambo, na daktari amemwambia atembee kila wiki mahali pa tambarare. Mambo ya goti hilo ndiyo yaliyozaa barua hii, kama utakavyoona.

Najua unashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Nimekupigia mara mbili wiki hii. Mara zote ulipokea, na mara zote nikaishia kukuuliza habari za mvua. Yapo maneno ambayo kwa simu nayameza, hasa nikisikia sauti yako imefurahi. Kwa hiyo nimekaa mezani mchana huu, mlango nimefunga, na nimemwambia wifi yako asiniletee hata chai mpaka nimalize.

Basi, Jumamosi ya tarehe mosi tulikwenda kwenye bustani ya mimea, ile kongwe iliyo katikati ya mji. Ni mahali pekee penye njia tambarare ambapo pikipiki haziruhusiwi kukupitia juu ya vidole. Wifi yako hakuwahi kuingia. Mimi nilikuwa sijakanyaga pale tangu nilipofanya kazi yangu ya kwanza ya maana, miaka thelathini na sita iliyopita, ulipokuwa na miaka kumi na minane. Utakumbuka nilivyokuwa narudi nyumbani na rangi ya kijani mpaka kwenye nyusi.

Pamependeza, siwezi kusema uongo. Unaingia kwa lango lile la chuma, unaacha honi na wauza vocha nyuma yako, na hatua ishirini mbele unasikia maji. Safu mbili za michikichi bado zipo, miti yenyewe imekuwa mirefu hadi ukitazama juu kofia inaanguka. Bwawa la mayungiyungi limejengewa ukingo mpya. Nyumba ya vioo imepoteza nusu ya vioo vyake na ndani kuna joto la kuivishia ndizi. Juu ya ukuta wa ofisi wamechonga kwamba bustani imetimiza zaidi ya miaka mia moja, na kwa heshima ya umri huo wameamua kuhifadhi vitu vyote vya zamani: mabenchi, bomba, saa iliyosimama, na vibao vya miti vilivyoandikwa kwa mkono.

Vibao hivyo ni vyangu. Zaidi ya mia mbili, bati la kijani na herufi nyeupe. Nilimwonyesha wifi yako kimoja baada ya kingine nikitembea kifua mbele kama jogoo aliyenunuliwa kwa mbegu. Nilimwambia, tazama M hii, hakuna fundi mwingine anayeipanua miguu namna hii. Akasema ameona, na tuendelee kutembea maana goti limeanza kupoa.

Nyuma ya nyumba ya vioo tulikuta kundi la watu kama kumi wamesimama na binti mmoja mwongoza wageni, msichana mwenye sauti nzuri na kofia ya ukili. Alikuwa anawaeleza habari za mti mmoja wenye gome la kijivu. Tukasogea na sisi tufaidi. Ndipo nikasoma kibao. Mdogo wangu, kibao kile kilinipiga kibao.

Mstari wa tatu, kwa mkono wangu mwenyewe, umeandikwa: JINA LA KIENYEJI: MLIALIA.

Najua hapa umesita kusoma. Nisubiri. Nitakueleza yote, na sitajipaka mafuta.

Wakati ule msimamizi wetu, tuliyemwita Bwana Miti, alinipa orodha yenye safu tatu: jina la kitaalamu, mti ulikotoka, na jina la kienyeji. Kwa mti huu safu ya tatu ilikuwa tupu. Aliniambia, "Kibao kisitoke na pengo. Nenda kwa wauza dawa za miti ukaulize, wao hawashindwi." Wauza dawa walikuwa mtaa wa tatu tu kutoka pale. Lakini jua lilikuwa kali, nilikuwa nimeshachanganya rangi, na nilikuwa kijana mwenye akili nyingi kuliko busara. Mti ulikuwa unadondosha utomvu mahali walipokata tawi. Nikautazama, nikacheka peke yangu, nikachovya brashi.

Wenzangu walicheka hadi mmoja akakaa chini. Nilikuwa nimewasimulia habari zako. Nyumbani sikusema.

Ningependa kukuambia kwamba kitu hicho kilininyima usingizi miaka yote hii. Si kweli. Nilikisahau. Nilipokea ujira wangu, nikahamia kuandika vibao vya maduka, na mti ukabaki na jina lako begani. Hilo nadhani ndilo linaloniaibisha kuliko hata kuandika kwenyewe.

Sasa sikia binti wa kofia alivyokuwa anasema. Alisema wazee wetu waliuita mti huo Mlialia kwa sababu ukikwangua gome lake hutoa machozi, na kwamba tangu enzi na enzi mtoto anayelia sana huogeshwa kwa majani yake, akanyamaza. Alisema bila kupepesa macho. Watu wakaandika kwenye simu zao. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema hata kwao walikuwa wanafanya hivyo! Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imetembea miaka thelathini na sita, ikapata wazee wa kuishuhudia.

Kundi likasogea mbele. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mchanga mgongoni, alibaki nyuma akijifanya anafunga kiatu. Kisha akachuma majani konzi mbili, haraka haraka, akayasukumiza kwenye mkoba. Mtoto alikuwa analia tangu tulipowakuta. Nikamwona yule mama anavyomtikisa, amechoka hadi midomo, na bado nikanyamaza. Nilijiambia majani ni majani tu, hayaui mtu.

Wifi yako aliniuliza mbona natoka jasho kivulini. Nikakaa kwenye benchi nikamwambia. Nilimwambia nusu, kwamba jina nilitunga mimi. Lakini unamjua, hapokei nusu. Akauliza, "Hilo si ndilo jina alilokuwa anaitwa wifi yangu?" Nikaitika kwa kichwa. Akasimama, na goti lake lile lile, akaanza kwenda kuelekea langoni. Ilibidi mimi mzima nimkimbilie.

Tulimpata yule mama akitafuta nauli kwenye pochi. Nilimwambia ayatupe majani, kwamba hayana dawa yoyote, na kwamba jina la kwenye kibao nililitunga mimi kwa mzaha. Alinitazama toka viatu hadi kofia. "Baba, una uhakika?" Nikamwambia mwandiko ule ni wangu. Akayatoa, akayaacha yaanguke, na nikaona jinsi tumaini lilivyomtoka usoni. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Sasa huyo Mlialia mwenyewe alikuwa nani?"

Nilimjibu, "Hakuna. Ni jina tu."

Hakuna. Ndivyo nilivyosema, mdogo wangu, mbele ya mke wangu, langoni, mchana kweupe. Wifi yako alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akaingia kulala saa kumi jioni. Kwa siku mbili nilipikiwa na kutengewa kama mgeni.

Jumanne nikarudi bustanini peke yangu na kumwona mkuu wa bustani. Ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, meza yake imejaa bahasha za mbegu. Nilimweleza. Hakucheka. Alisimama, akafungua jalada moja la zamani, akanisomea kwamba mti ule uliletwa ukiwa mche ndani ya kopo, na watu walioifungua bustani, kutoka nchi ya mbali sana. Hapa kwetu upo huo mmoja tu. Hakuna mzee yeyote wa hapa aliyewahi kuwa na jina lake. Na utomvu wake huunguza ngozi. Wao kazini huupogoa kwa glavu. Nikamkumbuka yule mtoto.

Kibao kiling'olewa saa ile ile, na binti wa kofia akaitwa. Maskini, alisema alifundishwa hivyo na aliyemtangulia, naye aliyemtangulia hayupo tena kuulizwa. Nilimwomba radhi. Alijibu "haya, baba" kwa adabu, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga, na mimi ndiye nimezeeka nikiwaliza wasichana kwa neno hilo hilo moja.

Tatizo jingine ni kitabu. Wameshakichapa, chenye picha, na Mlialia umo, ukurasa wa arobaini na moja. Uongo wangu una namba ya ukurasa. Mkuu akasema hawezi kuufuta kwa maneno ya mdomo. Akanipa karatasi niandike na kutia sahihi: nani aliupa mti jina hili, na jina lenyewe lilitoka wapi.

Nikaandika. Niliporudisha karatasi aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Na mwenyewe anajua?" Nikasema hajui. Akaifungia kwenye droo yake. "Hii ni habari ya mtu. Kwanza ajue yeye, ndipo niitie kwenye faili."

Haya ndiyo niliyoyaandika, na sasa nakuandikia wewe kwa urefu.

Si Bibi yetu aliyeanza kukuita Mlialia. Nilikuita mimi.

Ulikuja kwetu na miaka sita, mama mdogo akiwa amezikwa wiki mbili tu, na begi moja lenye zipu iliyokatika. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilikuwa nalala chumba cha Bibi. Nikaambiwa nihamie kwenye kochi, wewe ulale pale. Kila jioni, saa ile mama yako alipokuwa anarudi kutoka kazini, ulikuwa unakwenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kulia. Si kwa fujo. Ulikuwa unalia kama mtu anayefanya kazi yake. Na mimi, nikiwa na kochi lenye springi iliyochomoza, nilikuchukia kwa hilo.

Wiki ile shuleni tulikuwa tunaunda majina kutokana na vitenzi. Linda, mlinzi. Lima, mkulima. Nikaandika: lialia, mlialia. Mwalimu akanipigia mstari mwekundu, akaandika "mliaji". Hata kwa sarufi lilikuwa kosa. Nikalileta nyumbani vivyo hivyo, maana lilinoga mdomoni.

Bibi alilisikia kwangu. Akaniita pembeni akaniuliza, "Neno gani hilo unamwita mwenzio?" Niliogopa fimbo. Nikamwambia ni neno la shuleni, la kumbembelezea mtoto anayependwa. Bibi hakusoma hata darasa moja, mdogo wangu. Alikuwa anayaamini maneno ya shule kama watu wanavyoamini maandishi ya serikali. Akalichukua. Siku ile ile alivuta kigoda akakaa nawe kwenye ngazi, akasema, "Njoo, Mlialia wangu." Hivyo wewe ukalisikia kwanza kinywani mwake, na mtaa mzima ukalipokea kutoka kwake.

Alikuwa anakubembeleza. Katika maisha yake yote hakujua kwamba anakutukana.

Ulipokuwa unaondoka, kwenye kituo cha basi, ukiwa na miaka ishirini na tiketi mkononi, uliniuliza kwa nini Bibi alikuita vile hata ulipokuwa mtu mzima. Nilikuwa na dakika kumi za kusema kweli. Nikasema, "Wazee ndivyo walivyo," nikakubebea begi.

Bibi alipougua mwisho, aliniuliza zaidi ya mara moja, "Mlialia wangu haji?" Nikamjibu safari ni ndefu. Alipofariki, ulimwandikia mama barua ya rambirambi, na mimi ndiye niliyemsomea. Uliandika, "Siwezi kuja kumlilia mtu aliyenicheka nilipokuwa nalia." Mstari huo niliuruka. Nilisoma wa juu na wa chini, na mama akasema umeandika vizuri. Miaka kumi na tisa imepita. Karatasi yako ninayo, katikati ya kitabu cha mifano ya herufi.

Sasa umejua. Sikuombi unisamehe, nina aibu hata ya kuomba. Ninachoomba ni kwa ajili ya Bibi. Kinyongo chote ulichomwekea kihamishie kwangu, chote, usimbakizie hata kidogo. Ni haki yangu na nimechelewa kukipokea. Ulikuwa na mtu aliyekaa nawe kwenye ngazi kila jioni, nami nilikuibia mtu huyo, ukakosa hata kumzika.

Kuhusu karatasi iliyo kwenye droo, amri ni yako. Ukisema itiwe kwenye faili, itatiwa. Ukisema ichanwe, mkuu wa bustani ameniahidi ataichana, na kitabu kitarekebishwa bila kueleza sababu. Mama bado sijamwambia. Nitamwambia wiki hii, kwa sauti kubwa, masikio yake yakitaka yasitake. Safari hii siruki mstari.

Kibao nimepewa nikiandike upya. Kiko hapa mezani, nimeshakipiga msasa mpaka bati limeng'aa. Kwenye mstari wa tatu nitaandika HALIPO. Nimezihesabu herufi: ni sita, na MLIALIA ni saba. Kusema kweli kungeichosha brashi yangu kidogo kuliko uongo.

Nisalimie sana shemeji, na umwambie asikuharakishe kunijibu. Wasalimie wapwa zangu, yule mkubwa wa miwani na mdogo wake mpenda mpira. Mama mkubwa wako anakuombea kila asubuhi. Wifi yako anasema neno lolote utakaloamua, yeye yuko upande wako, na naamini, kwa sababu leo ndiyo mara ya kwanza ameniita kwa jina tangu Jumamosi ile.

Nimemaliza, isipokuwa jambo moja lililonijia nilipokuwa nakwangua. Tuliishi nyumba moja miaka kumi na minne, na sijui mama mdogo alikuwa anakuitaje alipokuwa anakubembeleza. Lazima alikuwa na jina lake kwako. Hakuna aliyekuuliza hata siku moja, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshakupa langu. Ukipenda, niambie. Usipopenda, basi libaki kwako, maana hatukustahili kulijua.

Mungu akutunze huko uliko, na akulaze salama kila jioni.

Ni mimi, akupendaye na kuchelewa kusema,

Kaka yako.